Gundi Nyeupe Karibu na Mlango

4 Machi

Dada,

Salamu nimeziweka mwishoni, maana nakujua, barua ikianza na salamu ndefu unaiweka chini ya mkasi na kuisahau. Nianze na shida.

Ile karavani ya Baba nimeitoa chini ya turubai. Binti yangu amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya mbali, na nyumba za wafanyakazi huko zimejaa. Alikuwa anahangaika na chumba cha kupanga. Nikamwambia chumba unacho, kina magurudumu, aliishi humo babu yako mpaka mwisho wake. Mganga mkuu amekubali tukiegeshe uani. Anaripoti kazini mwisho wa Aprili, na nitaikokota mwenyewe kwa lori.

Mwili wa karavani bado mzima. Faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia mashua, haiozi wala haishiki kutu, nimeosha kuta zikarudi nyeupe. Shida ni sakafu. Lile zulia la kahawia la Baba limekufa. Nimeanza kulivuta upande wa kitanda, na linatoka juu tu. Chini linaacha sponji yake iliyogeuka unga mweusi, na chini ya unga kuna gundi iliyokauka mabaka mabaka. Binti ana kifua, unamjua, vumbi la chaki tu lilikuwa linamlaza siku mbili. Hawezi kulala juu ya kitu hicho.

Nimejaribu patasi, nikachimba shimo kwenye faiba. Nimejaribu thina, faiba yenyewe ikaanza kunata kama pipi iliyolambwa. Mikono yangu inajua usukani, Dada, vingine vyote ni kubahatisha. Wewe ni fundi makochi miaka thelathini, na ulikuwepo siku Baba anatandika. Ile ilikuwa gundi gani, na inatolewa kwa kitu gani?

Nimepiga simu mara nne. Najua karakana ina kelele. Barua hii nampa dereva mwenzangu anayepita mjini kwako kila wiki, atachukua majibu akirudi.

Salamu sasa. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, binti anakuuliza, shangazi gani huyu asiyeonekana.

Mdogo wako,
Honi


9 Machi

Honi,

Barua imefika. Sijambo.

Ni gundi ya mpira, ile ya rangi ya asali wanayobandikia soli za viatu. Baba alimaliza kopo zima. Nilimwambia ni nyingi mno, akasema amesimama juu ya saruji ya kiwanda cha mikate miaka yote, sasa akitoka kitandani anataka kukanyaga kitu laini na kisiteleze. Kwa hiyo ni nyingi kweli, jiandae.

Usifagie pakavu. Nyunyizia maji kwanza huo unga mweusi, funga pua na mdomo, uzoe ukiwa matope. Gundi ipashe moto kwa kikausha nywele, sehemu ndogo ndogo, kisha ikwangue kwa skrepa ya plastiki. Patasi irudishe ulikoitoa. Itakayobaki ilowanishe na kitambaa chenye mafuta ya taa, subiri robo saa, ikwangue tena, uoshe kwa maji ya sabuni. Thina ipeleke mbali kabisa, inakula faiba. Msasa uwe wa mwisho, mwepesi, na uusugue ukiwa na maji, la sivyo vumbi la faiba litakuwasha mpaka ujute kuzaliwa.

Ukibakiza hatua mbili kufika mlangoni, acha. Pale pako imara, hapana haja ya kupagusa. Tandika plastiki juu yake uendelee na mambo mengine.

Mpe binti hongera zangu.

Dada


15 Machi

Dada,

Wewe ni fundi, hilo sibishani na mtu. Kikausha nywele cha mke wangu sasa kinanuka mafuta ya taa, amekikataa, amesema ninunue kingine au nimsuke mwenyewe. Lakini gundi inatoka. Ikipata moto inajikunja, naiviringisha kama ngozi ya maziwa. Nimefanya kutoka kitandani mpaka kwenye jiko. Magoti yamevimba, ila sakafu inaonekana, ya kijivu, na ina vidoa vyeupe kama unga wa ngano uliomwagika. Binti alichungulia akasema Babu alibeba kiwanda mpaka nyumbani.

Ukifanya kazi ya magoti siku nzima, kichwa kinazurura. Nilikumbuka tulivyolelewa kwa kunyata. Baba anatoka kuoka alfajiri, analala mchana, na sisi tunajifunza kucheza bila sauti. Unakumbuka sheria ya mlango? Pazia likishushwa, unagonga mara mbili tu. Asipojibu, geuka uende zako, mtu anayelala hadaiwi neno. Hata alipostaafu na kuhamia kwenye karavani hakuiacha. Wajukuu waliishika kabla ya kujua kuhesabu.

Sasa, karibu na mlango. Najua ulisema niache. Lakini zulia lilianza kunyanyuka lenyewe nilipokuwa naosha, basi nikalivuta. Kipande cha pale ni kingine, Dada. Rangi ni ileile ya kahawia ila haijapauka, na hakijakanyagwa sana. Nilipoweka mafuta ya taa, gundi haikujali. Nilipomwaga maji ya moto ikalainika ikawa nyeupe kama uji. Ile ni gundi ya mbao. Mwisho wa kipande kuna mstari ulionyooka, upande huu asali, upande ule nyeupe.

Nani alitandika pale mara ya pili? Baba asingeweza kutumia gundi ya mbao, aliidharau, alisema ni maziwa ya watoto.

Honi


19 Machi

Honi,

Paa lilivuja pale mlangoni. Zulia lilioza, tukabadilisha kipande. Kilikuwepo kilichobaki chini ya benchi. Gundi ya mpira ilikuwa imekwisha, tukatumia iliyokuwepo.

Umeshaing'oa, basi osha kwa maji ya moto umalize. Si jambo la kuandikiana barua.

Dada


24 Machi

Dada,

Nimepanda juu ya paa la karavani na uzito wangu huu, mke wangu akishika ngazi na kuniombea. Faiba ile ilimwagwa kwa kalibu kipande kimoja. Hakuna kiungo juu ya mlango wala ufa uliozibwa. Nimemwaga ndoo tatu za maji, ndani halikuingia tone. Lile paa halijawahi kuvuja.

Na kipande kile alikikata mtu anayejua kazi. Ukingo wake umekatwa mshazari ili viungo vilaliane, jinsi unavyokata kitambaa cha kochi usipotaka mshono uonekane. Nimekaa kwenye makochi yako tangu ujana wangu, Dada. Naujua mkono wako. Kimetandikwa ili mtu asijue kama kimetandikwa, na mtu pekee aliyeingia mle baada ya mazishi ni mimi. Ulinipa ufunguo siku ya pili ya mazishi ukasema chukua, mimi siitaki machoni pangu.

Sikulaumu kwa zulia. Ila kuna kitu, na nimechoka kujifanya sikioni. Tangu tumzike Baba, miaka kumi na minne sasa, hujakanyaga kwangu. Ndoa ya mwanangu wa kwanza ulituma mito sita ya kochi, mizuri, bila wewe. Simu yangu inaita mpaka inakata. Tukikutana kwenye misiba unanishika mkono kama unashika kitasa. Nilidhani ni uzee, halafu nikakuona unavyocheka na watu wengine.

Nimekukosea nini? Niambie nikiwa bado na nguvu ya kuomba radhi.

Honi


28 Machi

Honi,

Umeuliza, basi usikasirike.

Uliahidi kwenda kwa Baba Jumapili ile. Ulinipigia simu wewe mwenyewe, ukasema lori litapita njia kuu, utasimama saa sita mchana umwone, uyamalize maneno yenu. Nikampelekea habari, nikamwambia mwanao anakuja. Alinyoa ndevu mbele yangu na kuniuliza kama shati la bluu bado linamkaa.

Hukwenda. Jumapili ikapita. Mimi nilikwenda Jumatatu, siku yangu ya kila wiki karakana ikifungwa, na kwenye ngazi hapakuwa na dalili ya mtu. Kikombe ulichopenda kunywea kilikuwa rafuni kikavu.

Ungekwenda Jumapili, Honi. Hiyo ndiyo inayonikaba kila nikiona namba yako kwenye simu.

Dada


2 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi ya karavani, na sijui ni mara ngapi nimeirudia. Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Nilikwenda.

Unajua tulivyoachana na Baba mwezi ule. Nilimwambia ahamie kwangu, akakataa, nikamwambia anaishi kama samaki wa kwenye kopo na siku moja tutamtoa kwa kifungulio. Maneno ya kijinga, nilitaka acheke. Akaniambia nisirudi mpaka aniite. Nikakaa wiki tatu namgojea aniite. Uliponiambia amekubali nije, nilioga mara mbili.

Nilisimamisha lori njia kuu saa sita na dakika zake. Nikapiga honi mara moja, ajue ni mimi. Nikavuka, nikapanda ngazi. Pazia lilikuwa chini. Nikagonga mara mbili. Kimya. Nikasogeza sikio kwenye mlango, na ndani kulikuwa na sauti ya mwanamume, ya chini, inasema maneno nisiyoyashika, inanyamaza, inasema tena. Nikajua ni redio yake. Nikajua yuko ndani, anasikiliza redio, amenisikia, na bado hajanisamehe. Nilisimama pale, Dada. Mkono ulikuwa juu kugonga mara ya tatu. Halafu nikaona hapana, sheria yake naijua, nikigonga tena nitamwongezea hasira. Nikarudi kwenye lori. Nililia mpaka nikakosa kuona barabara, nikaegesha.

Ndiyo maana sikukupigia simu. Ningesema nini? Kwamba Baba amenifungia mlango?

Halafu ukatuita. Ukatuambia Baba alifariki Alhamisi, usingizini, kitandani kwake, na wewe umemkuta Jumatatu. Mungu anisamehe, katikati ya msiba ule nilipata faraja. Kumbe Jumapili Baba hakunikataa. Alikuwa amekwisha kwenda siku tatu kabla, na ile ilikuwa redio ya kuchomeka ukutani, haizimiki mpaka mtu aizime, ilikuwa inaongea peke yake. Nimeishi na hiyo miaka kumi na minne. Nikiendesha peke yangu njia ndefu najisemea, hakukukataa, alikuwa hayupo. Ndiyo iliyonirudisha kwenye usukani.

Sasa wewe unanidai Jumapili. Kama Baba alikufa Alhamisi, Jumapili yangu ingesaidia nini? Na kwa nini kuna zulia jipya mlangoni na si kitandani?

Nimeacha kazi. Sakafu imebaki vile, nusu safi, nusu ina ile gundi nyeupe. Binti anauliza kuna nini, namwambia magoti. Sitaki mwanangu alale mle mpaka nijue. Nijibu kwa mkono wako jambo moja tu. Ilikuwa Alhamisi? Na redio uliikuta inaongea?

Mdogo wako,
Honi


6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefunga karakana leo. Nimewaambia wateja nimeugua, na si uongo sana.

Haikuwa Alhamisi. Alhamisi niliitunga mimi, nikiwa nimekaa sakafuni pembeni yake. Nilihesabu siku kurudi nyuma nikitafuta moja iliyo mbali na Jumapili yako, ili usije ukajua. Daktari alisema alianguka Jumamosi, mshipa wa kichwani ulipasuka. Upande mmoja wa mwili ulikufa, ulimi ukawa mzito. Roho ilitoka Jumapili, jioni au baadaye. Nilimwomba daktari aniachie nikwambie mwenyewe, na cheti nikakifungia kwenye kabati la vitambaa.

Alianguka karibu na jiko. Alikuwa amevaa shati la bluu, alikuwa anajaribu kama linamkaa. Alijivuta kwenda mlangoni kwa mkono mmoja. Nyuzi za zulia zilikuwa kwenye kucha zake. Nilizitoa kwa sindano yangu ya kazi, moja moja, kabla watu hawajaja kumwosha. Mkono ulikuwa umefika kwenye kizingiti. Zulia lilikuwa limechafuka na limekwaruzwa vile, na wewe ulikuwa unafika kesho yake. Nikakata pale nikatandika kipande kingine. Nilitumia gundi ya mbao kwa sababu haina harufu. Ya mpira ungeinusa ukiwa mlangoni, ukauliza.

Nilikuficha kwa kukupenda, halafu nikakuchukia kwa jambo lilelile nililokuficha. Kila nilipokuona ukicheka nilisema huyu aliambiwa njoo akaona uvivu, na mzee akakaa sakafuni siku nzima anamngoja. Nilikuwa nimekuhukumu na kesi hujasomewa.

Na wewe ulikwenda. Ulisimama hatua moja kutoka kwake.

Redio, Honi. Redio ya Baba haikuwemo. Niliibeba Jumatatu iliyotangulia, swichi yake ilikuwa imevunjika, ikakaa kwa fundi redio wiki nzima. Alinirudishia siku ya msiba, nikaiweka rafuni pake, ndiyo maana uliiona ulipoingia.

Kwa hiyo nimekaa hapa na barua yako, na ninajua ulisikia nini, na wewe hujui. Aliisikia honi. Alijua ni nani. Alikuwa anajibu kwa ulimi ule mzito, na sheria yake mwenyewe ndiyo iliyokugeuza.

Uliniandikia kuwa hiyo Alhamisi ndiyo iliyokurudisha kwenye usukani. Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imelainika. Mimi nilikupa kitu hicho bila kujua ninachokupa, na sasa unanyoosha mkono unaniomba nikwambie kama ni cha kweli.

Siitumi hii. Nimeiandika ili walau mara moja niseme na wewe kweli. Itakaa kwenye kabati pamoja na cheti, na kabati lina ufunguo mmoja, uko shingoni mwangu. Nisamehe. Nisamehe kwa miaka yote niliyokunyima dada yako.

Dada yako


8 Aprili

Mdogo wangu Honi,

Kwanza niombe radhi, tena kwa magoti, ingawa yangu na yako sasa hayana tofauti. Sikujua kama ulikwenda. Laiti ungeniambia, na laiti ningekuuliza. Nilikuwa nimeshikilia hasira isiyo na miguu.

Umeuliza kwa nini nilikudai Jumapili. Nitakwambia, na ni jambo la aibu. Niliwaza kwamba ungekwenda Jumapili ungemkuta wewe, mwanamume, mwenye nguvu zako. Badala yake nilimkuta mimi, Jumatatu, peke yangu, nikiwa na kikapu cha sokoni mkononi. Nilikuonea kijicho kwa kutokuona nilichokiona. Basi ndiyo hiyo iliyokuwa inanikaba, wala usitafute nyingine.

Na zulia la mlangoni ni hivi. Nilipomkuta nilichanganyikiwa, nikapiga kikumbo sufuria ya mafuta jikoni, ikamwagika mpaka kwenye kizingiti. Watu walikuwa wanakuja. Unajua Baba alivyokuwa na usafi, nisingeweza kuwaacha waingie wakanyage mafuta na kusema mzee aliishi kwenye uchafu. Nikakata nikabandika. Nilikudanganya kuhusu paa kwa sababu ilikuwa kazi mbovu ya haraka, na fundi wa miaka thelathini haoni raha kuulizwa kwa nini alitumia maziwa ya watoto.

Kwa hiyo rudi kazini. Gundi nyeupe usiikwangue ikiwa kavu. Mwagia maji ya moto, tandika taulo kuukuu juu yake, acha nusu saa, kisha ifute kwa taulo hilohilo. Itarudi mara mbili tatu kama ukungu mweupe, usikate tamaa, osha tena. Pakikauka pitisha msasa wa maji sakafu nzima kwa mara moja, kutoka kitandani mpaka kizingitini, ili pawe pamoja. Mstari ule usiuache. Usipake rangi bado. Nina plastiki nzito ya sakafu, ya kijani, nitakuja nayo Jumamosi ijayo na visu vyangu, tutaitandika mimi na wewe. Mwambie mkeo nitalala kwenu siku tatu kama hatanifukuza. Mwambie binti shangazi yake anataka kumpima mapazia, na anataka aone uso wake, maana mara ya mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele.

Mwache alale mle. Ni mahali pazuri, na babu yake alipapenda.

Na lile uliloniomba nikujibu kwa mkono wangu. Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa kitandani, shuka limemfika kifuani, uso umetulia kama mtu aliyetoka zamu. Hakukukataa. Redio niliikuta inaongea, mtu anasoma matokeo ya mpira, na niliizima mimi mwenyewe.

Dada yako